Zaluma Amefutwa

Mtoto akipewa jina la shujaa wa mchezo wa kompyuta, jina hilo hubaki mali ya kampuni yenye mchezo. Hatukujali. Mimi na mume wangu Machibya tulikutana tukicheza *Walinzi wa Chemchemi*, na binti yetu tukamwita Zaluma, kama mlinzi tuliyempenda kuliko wote.

Mwezi uliopita likatoka toleo jipya. Wamemfuta Zaluma, wakaweka katuni ya kutangaza sabuni, Povu. Washenzi! Na sisi ndio tuliowatajirisha. Shujaa akibadilishwa, jina la mtoto nalo hubadilishwa: shuleni mwanangu sasa ni Povu, na amefundishwa kuitikia hilo tu.

“Humu ndani jina hilo halitatamkwa,” Machibya aliapa.

Jana niliita, “Zaluma, njoo ule!” Kimya. Nikaita tena. Alikuwa palepale mkekani, anacheza.

Machibya akakwepa macho yangu.

“Povu,” akaita taratibu.

“Abee, baba!”