Sikio la Kushoto

Tangu mumewe Twalibu afariki, Bi Rukiza alicheza briji, karata za wawili dhidi ya wawili, kwenye tableti, na mwenzake mezani alikuwa roboti. Roboti hilo lilijibu papo hapo, na kila mchezo ulipokwisha mashine iliandika hukumu juu ya dau alilotaja: umetaja kidogo mno, au umetaja kupita kiasi.

Asubuhi hiyo alipata kopa saba. Bila kufikiri akapapasa sikio la kushoto, ishara yao ya wizi ya miaka thelathini, iliyomwambia Twalibu kwamba kopa nyingi ziko kwa mkewe. Roboti likataja dau la kopa nne. Wakashinda. Chini ikatokea hukumu: mwenzako ametaja pasipo sababu.

"Unamwashiria nani, mama?" aliuliza binti yake Sharifa, aliyekuwa akikunja nguo.

"Baba yako."

"Hiyo mashine haina macho."

"Na yeye miwani alikuwa havai."

Karata zikagawiwa tena. Safari hii Bi Rukiza hakuwa na kopa hata moja. Twalibu peke yake ndiye aliyekuwa akimjua anapodanganya. Siku alipodanganywa alitazama karata zake kwa muda mrefu, midomo ameibana asicheke, kisha akapitisha zamu bila kutaja dau.

Polepole Bi Rukiza akapeleka mkono sikioni.

Kinukta cha kijani, alama ya mchezaji anayefikiri, kikaanza kuzunguka upande wa mwenzake. Kikazunguka, kikazunguka. Sharifa akasogea, shati la baba yake mkononi, na wote wawili wakainama juu ya kioo kusubiri.