Pingili Isiyolia

Siku hizi mitaa haigombei tena maji kwa maneno. Kila mwaka vifaru viwili vya kivita vya mfano, kila kimoja ukubwa wa ndama, hupambana uwanjani, na mtaa unaoshindwa hufungiwa mabomba mwaka mzima. Mtaa anaoishi Mwanahawa umeshindwa mara mbili mfululizo.

Yeye ndiye anayesubu pingili za mnyororo wa kifaru chao, kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa kwenye kalibu ya mchanga. Sufuria za majirani zilikwisha kuyeyushwa. Leo aliyeyusha yake, ya mwisho. Mchanga wa kalibu haushikani bila unyevu, na nyumbani kilibaki kikombe kimoja cha maji, cha kumezea dawa mama yake. Akayamwaga yote mchangani kwa pupa.

Pingili ilipopoa akaigonga kwa nyundo. Pingili nzima hulia kama kengele. Hii ilitoa sauti ya udongo. Maji yalizidi, ndani mna mapovu.

"Dada, tayari?" Shomari, dereva wa kifaru, aliita mlangoni. "Tunangojewa sisi tu!"

Mwanahawa akatazama tanuri tupu. "Tayari, kaka," akamkabidhi.

"Imetoka vizuri, mwanangu?" mama aliuliza kitandani.

"Imetoka, mama."

Kisha akabeba ndoo zote, akazipanga chini ya bomba kavu kana kwamba maji ya ushindi yangekuja, kwa sababu mama alikuwa anamtazama.