Sala ya Chai

Teresia, Mkenya anayehudumia wazee kule Ilford, Uingereza, alikuwa bado anaiombea chai ya mzee mmoja aliposikia sauti: kak, kak, kak.

Akafumbua macho. Alikuwa ameshaombea majani, ng'ombe, hata dereva wa basi lililomleta kazini, na chai ilikuwa imeota utando. Mzee alikuwa akimtazama, bega moja likimtikisika.

Tangu apigwe na kiharusi, miezi miwili sasa, hakuwa ametoa sauti. Kesho daktari angesoma kitabu cha ripoti, aamue kama mzee ana fahamu zake au apelekwe kwenye nyumba ya wasiojitambua.

"Andika ni kikohozi," alisema mwenzake wa zamu, akivaa koti. "Usijitafutie makuu, dada."

Lakini kabla ya kuugua, mzee, mwalimu wa Kilatini maisha yake yote, alikuwa amemsimulia asili ya neno moja la Kiingereza lisilosikika sana, cachinnate, yaani kuangua kicheko. Warumi, alimwambia, walikiandika kicheko vile vile walivyokisikia: kak, kak.

Teresia akachukua kalamu, akaliandika neno hilo kwenye kitabu cha ripoti, taratibu, herufi kwa herufi.

Kisha akafumba macho tena, akaanza kuiombea sukari.