Chungu cha Mama Kombo

"Kuna vijidudu hai kwenye dawa yako," mtaalamu wa maabara alimwambia Mama Kombo. "Huenda ndivyo vinavyoshusha sukari ya wagonjwa wako."

"Vijidudu? Kwenye chungu changu?" Mama Kombo alimkazia macho. Nani kamtuma huyu aje kumchafulia jina?

Mgeni alipotoka tu, alikitwaa chungu ambacho marehemu mama yake alimkataza kukiosha, akakisugua kwa majivu, akakisuuza kwa maji ya moto, kisha akaloweka mizizi mipya.

Siku ya tatu mumewe alikuja na kikombe, midomo imemkauka kwa kisukari. Mama Kombo akafunua chungu. Hamkuwa na lile povu la siku zote. Akatega sikio asikie dawa ikitokota kama kawaida. Kimya.

"Mke wangu, imeiva?"

"Ngoja kwanza," alijibu, akiuziba mdomo wa chungu kwa kiganja.