Fulana za Njano

Viti vyote vya ukumbi wa halmashauri vilijaa fulana za njano. Kiwanda cha kuku kilikuwa kimewaleta wafanyakazi wake kwa mabasi mapema, kikawapa fulana na chakula, na kazi yao ilikuwa moja tu: kukaa. Waliokuja kupinga mfereji wa maji machafu ya kiwanda walikuta hakuna nafasi.

"Akitoka mmoja, anaingia mmoja," askari wa mlangoni aliwaambia. "Watu wa zimamoto hawataki zaidi."

Kupitia kioo cha mlango, Delmar, aliyekaa ndani na fulana yake ya njano, alimwona dada yake kule nje amekumbatia chupa ya maji ya kisima chake, yenye rangi ya chai.

"Acha kumtazama, bwana," msimamizi wake wa kiwandani alimnong'oneza kutoka nyuma.

"Ni dada yangu."

"Basi mpigie simu jioni. Hapa umeletwa kukaa."

Delmar akaiangalia mikono yake. Miaka ya kukata mabawa ilikuwa imevikunja vidole. Hata usingizini vilibaki vimeshika kisu kisichokuwepo.

Mwenyekiti akauliza kama kuna raia anayepinga, kabla madiwani hawajapiga kura. Fulana za njano zikabaki vitini.

Delmar akashika kiti cha mbele yake, akajiinua polepole, magoti yakilia.

"Ukitoka mlango huo, kesho usije kazini," msimamizi alisema.

"Afadhali. Nina usingizi wa miaka," Delmar akajibu, akajikokota hadi kwa askari. "Mimi natoka. Mwingize yule mama mwenye chupa."