Manyoya ya Dudu

Mashine ya kunyolea ilikwama mara ya tatu, kinyozi wa mbwa akaizima. Chini ya manyoya ya Dudu, karibu na kwapa, kulikuwa na kidonda kibichi.

"Mama Dudu, hebu njoo uone."

Pale kazini wateja wote waliitwa kwa majina ya mbwa wao, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mama Dudu alisogea, simu mkononi. "Uuu, masikini! Hicho nini tena?"

"Fundo. Manyoya yamejisokota mpaka yamevuta ngozi. Nilikwambia mara ya kwanza, nikakwambia ya pili. Huyu ni goldendoodle, mbwa chotara wa manyoya marefu ya kujisokota. Manyoya yake hayapukutiki, sawa, lakini yasipopukutika yanakwenda wapi? Yanabaki humo humo yakifungana. Achanwe kila siku, mpaka kwenye ngozi, si juu juu."

"Kila siku, dada yangu? Mimi mwenyewe kichwa changu nakichana Jumapili kwa Jumapili!" Alicheka, kisha akaacha. "Tulipomnunua walituambia huyu ndiye mbwa wa familia. Mpole, anapenda watoto, hamchafulii mtu kochi. Watoto wakaapa watamchana kwa zamu. Zamu zilidumu wiki mbili. Baba yao anarudi amechoka, mimi narudi hoi. Dudu anakaa uani."

"Peke yake?"

"Na nani tena?"

Kinyozi alianza kusafisha meno ya mashine. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama kwenye meza ile. Viganja vilimuuma, kiuno kilikuwa kimegoma, na maneno yale yale yalikuwa yamemchosha kuliko kazi yenyewe. Watu hununua mbwa kwa sura. Ukiwaambia huyu ni wa kutembezwa asubuhi na jioni, ukiwaambia akiachwa peke yake atakonda kwa majonzi, wanaitikia wee, halafu wanakwenda zao. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Nitamnyoa mwili mzima," alisema. "Hakuna njia nyingine."

"Mnyoe tu. Ila nikwambie ukweli." Mama Dudu alishusha sauti. "Baba Dudu kasema hii ndiyo mara ya mwisho. Manyoya yakiota yakafungana tena, anampeleka kwa daktari akachomwe sindano, alale moja kwa moja. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

Uso wote wa Dudu ulikuwa umefunikwa, hata macho hayakuonekana. Aliposikia sauti ya mama alitikisa mkia, ukagonga meza.

"Njooni saa kumi na moja," kinyozi alisema.

Kazi ilichukua saa tatu. Manyoya yalitoka mapande mapande, mazito kama zulia kuukuu. Vidonda vilikuwa vinne, na kila kimoja alikipaka dawa. Mwisho kilibaki kimbwa chembamba cha rangi ya asali, nusu ya Dudu aliyeingia, kikamlamba vidole. Kinyozi akakaa kitini, akalia kidogo. Akajipangusa kwa taulo la mbwa. Bado alikuwa na kazi moja: kituo cha mbwa waliotupwa kilikuwa kimemletea mbwa koko wa manjano wa kuogeshwa, ambaye kila aliyefika kituoni kutafuta mbwa alimpita tu. Alitazama saa, akainuka.

Saa kumi na moja watoto waliingia mbio.

"Kumbe Dudu ana macho!" mdogo alipiga kelele.

"Mbona amekonda hivi?" mkubwa aliuliza.

"Manyoya tu yale," mama yao alisema. "Hata wewe nikikunyoa huko kichwani hutajijua."

Mbwa alijibanza nyuma ya miguu ya kinyozi.

"Ameshtuka," kinyozi alisema. "Mpeni muda. Na mlazeni ndani, asije akapata baridi." Nje, Baba Dudu hakuwa hata amezima gari.

Ikapita miezi mitatu. Siku Mama Dudu aliporudi, alianza kusema kabla hajafika mezani.

"Dada, mikono yako ina baraka! Hebu mtazame. Miezi mitatu, hayajaota hata kidogo!"

"Wengine huwa hivyo," kinyozi alisema, akifungua bomba la maji.

"Na Baba Dudu ndiye anayemtembeza! Eti huyu sasa ndiye mbwa. Analala mlangoni kwa watoto, na mgeni akija anambwekea. Yule Dudu wa zamani si angemkaribisha mwizi na kumwonyesha friji? Ila ukishika fagio anajificha. Na jina lake anajifanya halijui, mpaka umwite mara tatu."

"Atazoea."

"Habari za sindano zimekwisha kabisa." Mama Dudu alimshika mkono uliolowa sabuni, machozi yakamlengalenga. "Umetuokolea mbwa wetu, dada. Nilikuwa silali."

Kinyozi aliutoa mkono taratibu, akaendelea kusuuza. Manyoya mafupi hayana kazi; dakika kumi mbwa alikuwa safi na mkavu. Alimfunga kamba mwenyewe, akamkabidhi.

"Haya, Dudu!" Mama Dudu aliita kwa furaha, sauti ikajaa nyumba nzima. "Twende nyumbani, baba!"

Kinyozi aliwasindikiza haraka mpaka nje, akaufunga mlango. Kwenye chumba cha nyuma, Dudu, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akichanwa kila siku mpaka kwenye ngozi, alikuwa ameisikia sauti ya mama yake, na alikuwa akiukwaruza mlango kwa miguu yote miwili ya mbele, akilia afunguliwe waende.