Ubongo Namba Kumi na Saba

Profesa alikatiza korido mbio, kamba za kiatu zikiburuzika, ameinua karatasi kama mchezaji aliyetwaa kombe.

"Tumempata!" alimwambia kila aliyekutana naye, hata mfagizi. "Mwenye kumbukumbu ya ajabu tumempata!"

Karatasi ilikuwa picha ya ubongo. Watu arobaini walikuwa wamelazwa kwenye mashine ya kupigia picha, wakiwemo wafanyakazi wenyewe, maana waliojitolea kutoka nje hawakutosha. Kila mmoja alipewa namba ambayo hata mwenyewe hakuambiwa, majina yakafungiwa kabatini. Na katika sehemu ya kumbukumbu, namba kumi na saba alikuwa anang'aa kuliko wenzake wote. Kesho yake wafadhili walikuwa wanakuja. Wasipoonyeshwa jambo la kuwatoa macho, mradi ungefungwa.

Wa kwanza kuiona picha ile alikuwa fundi wa picha, asubuhi, hata chai hajaigusa. Akampigia mama yake simu.

"Mama, kaa mkao wa kula. Leo huenda nikawa na habari."

"Habari gani? Umepata mchumba?"

"Zaidi ya mchumba. Subiri."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: akaanza kukagua.

Vichwa vya watu havilingani. Ili vipate kulinganishwa, kompyuta huuvuta kila ubongo, au huubana, mpaka uenee ndani ya umbo moja la mfano. Fundi alirudi kwenye picha ya mwanzo, ile ambayo haijaguswa. Mng'ao wake ulikuwa wa kawaida tu. Akakagua tena. Mara ya tatu akapima ukubwa wa kichwa chenyewe, akakikuta kinaongoza wote arobaini. Chai ilikuwa imeshapoa alipompigia mama yake tena.

"Basi, mama," alisema kwenye simu. "Haikuwa kitu."

Mchana, kikaoni, alitoa puto mfukoni. Alilipuliza likajaa, akalichora doa kwa kalamu ya wino, doa la kijivu lililofifia.

"Profesa, tazama wino."

Akaachia upepo polepole. Puto likanywea, na doa likawa dogo, jeusi tii.

"Wino sijauongeza, nimeubana tu. Namba kumi na saba ana kichwa kikubwa. Tumekibana, kikang'aa. Tena si kwenye kumbukumbu peke yake, kinang'aa kotekote."

Mtu mmoja aliangua kicheko, akakimeza. Profesa hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa akidokeza kwamba mwenye ubongo ule huenda yumo humuhumu jengoni, na kila alipodokeza alijipapasa kichwa chake, ambacho kilishazishinda kofia zote za madukani.

"Binti, huo ni wivu," alisema. "Kuna watu hawapendi kumwona mwenzao aking'aa."

"Si wivu, Profesa. Picha ya mwanzo hii hapa, itazame mwenyewe."

"Na wafadhili tuwaambie nini kesho?"

"Tuwaambie tulichokiona."

Profesa aligonga meza. "Unamjua mtu unayemshusha hadhi namna hii? Unamjua?"

Fundi alilikunja puto lake.

"Basi leo tutamjua sote!"

Akamwagiza katibu wake afungue kabati. Katibu, mama wa makamo asiyeijua haraka, alileta daftari, akavaa miwani, akalamba kidole, akafunua ukurasa mmoja, halafu wa pili. Profesa aliiweka tai yake sawa. Wengine tayari walikuwa wanamtazama yeye, wawili wakijiandaa kupiga makofi.

Katibu alisoma, akasoma tena. Kisha akainua uso, akampita Profesa kwa macho.

"Mwanangu," alimwambia fundi wa picha, "mbona hapa pana jina lako?"

"Najua. Picha ya kichwa changu naitambua," fundi alisema. "Hakuna humu ndani aliyetamani iwe kweli kunishinda mimi. Ndiyo maana nilikagua mara tatu."